Kwa Nini Maneno ya Ng'ambo Huandikwa kwa Herufi Nusu

Zama hizo, katika kisiwa kimoja cha mashariki ya mbali, palikuwa na herufi nzima tu, zilizoazimwa kwa jirani mwenye nguvu wa bara, maelfu kwa maelfu, kila moja ikibeba neno zima. Waliozijua ni wanaume wa baraza la waandishi, na walijua kujivuna. Sheria yao ilikuwa moja: jambo lisilo na herufi halijatokea.

Wino wao ulisagwa na mwanamke aitwaye Chiyo. Walimketisha nyuma ya ukuta wa mbao ili asione maandishi, ila ukuta ulikuwa na ufa. Miaka kumi na mmoja Chiyo alichungulia, na kwa kuwa ufa ulikuwa mwembamba, aliambulia pembe tu ya kila herufi: mstari mmoja hapa, ncha mbili pale. Kila kipande akakipa sauti. Akamfundisha mdogo wake, Fusae, kwa kijiti juu ya majivu, kabla Fusae hajaolewa ng'ambo ya mlima.

Siku moja ikatia nanga meli ya wageni iliyojaa vitambaa. Bwana Morito, mkuu wa waandishi, alipewa kipande, akamtupia Chiyo. "Futia jiwe la wino, mama. Leo kazi yako imependeza." Chiyo akafuta.

Kesho yake mabaharia walianza kufa. Waliobaki walipiga kelele gatini: "Rudoma! Rudoma! Imo kwenye vitambaa!" Hiyo rudoma ilikuwa homa ya kwao, na humpata kila anayevigusa.

Baraza likakutana kuandika tangazo. Lakini rudoma haikuwa na herufi.

"Tutumie ya homa," akasema mmoja.

"Homa ni yetu," Bwana Morito akamjibu. "Hii ni ya wageni. Unataka tuchekwe bara?"

Wakabishana siku nane. Nje, mikokoteni ya vitambaa ilikuwa ikipakiwa kwenda vijijini, na kijiji cha Fusae kilikuwemo.

Chiyo alikuwa ameanza kutetemeka tangu siku ya pili. Alijua rudoma imempata. Akaokota kijiti kwa koleo la mkaa, asikiguse, akachora kwa herufi zake nusu kwenye ubao wa mchukuzi wa chumvi aliyekuwa akivuka mlima: *Rudoma imo kwenye vitambaa. Chomeni. Usije kunizika.*

Fusae alisoma, akapiga yowe, kisha akawasha moto njiani. Mkokoteni uliteketea kabla haujafunguliwa. Kijiji chake hakikuzika mtu.

Mjini, siku ya tisa, baraza likaipata herufi. Ilikuwa nzuri mno, mistari ishirini na mitatu. Hakubaki mtu wa kubandika tangazo, wala wa kulisoma. Chiyo alikutwa nyuma ya ukuta wake, jicho likiwa kwenye ufa.

Na tangu mwaka huo wa kilio, neno lolote litokalo ng'ambo, hata liwe la mkate au la kitufe, huandikwa kisiwani humo kwa herufi zile nusu zenye ncha, ili msomaji ajue limevuka bahari na alitazame vizuri kabla ya kulishika. Wasomi husema walizibuni wao. Wasaga wino huwaacha waseme, na jiwe hulifuta kwa kiganja, si kwa kitambaa.