Kipindi cha Pili Tunahamia Kule

Uwanja wa zamani wa timu ya Mafundi haukuwa na cha kujivunia mbele ya mgeni. Uzio ulikuwa wa mabati yaliyoota kutu, lango lilifungwa kwa waya, na penye kona moja palikuwa na dimbwi lililowaumbua mawinga wa kila timu. Hata hivyo, mashabiki waliupenda kufa. Viti havikuwapo. Kipindi cha kwanza walisimama wote nyuma ya goli la wapinzani. Mapumziko yakifika walibeba ngoma zao, wakazunguka na kuhamia nyuma ya goli la pili, ili timu ishambulie ikiwaelekea wao.

Miongoni mwao alikuwamo fundi redio, kipofu kwa miaka kumi na miwili, ambaye hakuwahi kukosa mechi. Shemeji yake mwenye bucha, kaka wa mkewe, alimsimulia mchezo sikioni. Mpira ukigonga mabati, fundi alijua umetokea wapi kabla shemeji hajafungua mdomo.

Kisha uwanja ukauzwa. Mabati yaling'olewa, maghala yakajengwa, na timu ikahamishiwa uwanja mpya ng'ambo ya mji. Mashabiki walikwenda mara moja tu. Walipoona lango la vyuma, mashine ya kukagua tiketi na walinzi wenye nyuso kavu, waligeuka papo hapo wakisema, "Hapa si kwetu." Tangu siku hiyo walijazana dukani kwa fundi redio, wakisikiliza matangazo na kuulilia uwanja wao kama wafiwa. Timu nayo, ikicheza mbele ya viti vitupu, ilifungwa na kufungwa tena, hadi ikabakiza mechi moja. Sare ingeiokoa; ikifungwa, ingeshuka daraja.

Siku ya mechi hiyo fundi alifunga duka.

"Shemeji, nipeleke uwanjani."

"Wewe? Ukasikilize nini huko? Hata mabati hakuna!"

"Na hapa nasikiliza nini? Vilio vyenu tu! Uwanja nimeshaupoteza, timu siipotezi."

"Haya bwana, umeshindikana," mwenye bucha alisema, akavua aproni yake. Wengine wakawafuata, kwa aibu zaidi kuliko kwa hamu.

Ndani, tiketi ziliwatawanya huku na kule, hata shemeji akaketi mbali na fundi. Fundi aliketi kwenye kiti cha plastiki akiwa amepotea kabisa, hajui hata goli liko wapi. Ilimuuma, na hakuficha. Hadi mapumziko Mafundi walikuwa nyuma kwa bao moja.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, fundi alisimama kama alivyozoea, akashika fimbo yake na kuanza kushuka ngazi. Mlinzi akamzuia.

"Mzee, rudi kwenye kiti chako. Kila mtu na namba yake."

"Mwanangu, kipindi cha pili tunashambulia upande ule. Na mimi kipindi cha pili huwa upande ule."

"Lakini mzee, samahani, wewe huoni. Kuna tofauti gani?"

"Kwangu hakuna. Wachezaji ndio wanaoona."

Mlinzi alimshika mkono, akamwongoza mwenyewe. Mpiga ngoma alipoiona ile fimbo nyeupe ikizunguka uwanja, aliinuka. Mwenye bucha akainuka, na seremala, na mshona viatu pamoja na mkewe. Mpira ulipoanza tena, mtaa mzima ulikuwa umesongamana nyuma ya goli, ukiimba. Paa kubwa, ambalo uwanja wa zamani haukuwa nalo, liliudaka wimbo wao na kuurudisha maradufu.

"Shemeji, sikia!" fundi alipaza sauti. "Nyumba hii inaitikia!"

Wachezaji walipigana kama waliozaliwa upya. Dakika ya themanini na nane krosi ikamiminwa, nahodha akaruka, akaizamisha wavuni kwa kichwa. Hakwenda kwa wenzake. Alikimbia moja kwa moja hadi kwa mashabiki, mikono wazi, machozi yakimtoka. Mchezo ukaisha sare, na timu ikapona.

Mwenye bucha alimkumbatia shemeji yake, sauti imemkauka. "Tungekuja mapema, shemeji!"

"Mbona tulikuja?" fundi alimjibu. "Tuliishia mlangoni."

Aliyesema hakukosea: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.