Kwa Nini Vihori vya Mtapwani Vina Omo Mbili

Mliokuja kusikiliza, jisogezeni. Mliokuja kula karanga, tafuneni taratibu. Vihori vyetu mnaviona vimechongoka mbele na vimechongoka nyuma, hata mtu aliyesimama gatini hajui kihori kinakuja au kinakwenda. Msidhani ndivyo vilivyoanza. Kulikuwa na wakati ambapo kihori cha Mtapwani kilikuwa na omo yake mbele, ndefu na nyembamba, na tezi yake nyuma, pana na bapa, kama chombo kingine chochote kilichoundwa na watu wenye akili zao.

Wakati huo mto wetu ulikuwa umeshachoka. Ulishuka kutoka bara na matope yake yote, na ulipofika Mtapwani haukuwa tena na nguvu ya kwenda baharini, ukajitandaza hapa ukawa ziwa. Maji hayana wimbi, hayana samaki wa maana, kambare tu wenye ladha ya udongo. Basi watu wakayafanya kuwa maji ya matembezi. Baada ya mavuno, siku za sikukuu, au mwali akitolewa nje, wanawake walijipamba, wakapakia birika na vitumbua, wakaenda kuzunguka kisiwa cha mianzi na kurudi. Kihori hakikubeba mzigo wala nyavu. Kilibeba raha ya watu na umbeya wao.

Mafundi wa vihori hivyo walikuwa wawili tu, Famau na Shekuwe. Walijifunza kwa fundi mmoja, wakala sahani moja, na Famau akamwoa Mwanajabu, dada yake Shekuwe, hivyo juu ya urafiki wakawa mashemeji. Walifanya kazi kwenye kiwanja kimoja, na utaratibu wao ulikuwa huu: mmoja akijenga omo, mwenzake hujenga tezi; kihori kinachofuata wanabadilishana. Maana omo ndiyo inayoonwa na kusifiwa. Tezi hakuna anayeitazama, isipokuwa yule aliyeachwa gatini.

Wakaishi hivyo mpaka siku alipotolewa mwali wa nyumba ya Mbwarahaji. Kihori kilitoka kikiwa kipya, mwali kakaa mbele na hina yake mpaka viwikoni, na kabla hakijafika kwenye mianzi kikainamisha kichwa kama ng'ombe anayekunywa maji. Hakufa mtu, maji yalikuwa ya kiunoni. Lakini mwali alirudi kwa miguu, matope mpaka kwenye kikuba chake cha asumini, na harusi ile ikasemwa hadi vijiji vya juu. Omo ilikuwa nzito. Hilo walilikubali wote. Walilolikataa ni nani aliyeijenga. Famau aliapa kwamba safari ile yeye alijenga tezi. Shekuwe akaapa kwamba aliyejenga tezi ni yeye. Waliapa mbele za watu, na mtu akishaapa mbele za watu huwa hana tena njia ya kukumbuka vizuri.

Wakaacha kusemezana. Kiwanja kikapigwa ua wa makuti katikati, Famau huku, Shekuwe kule, kila mmoja akijenga vihori vyake peke yake, na kila neno lililohitaji kuvuka ua likavushwa na Mwanajabu.

Miaka kumi na saba. "Mwambie kaka yako moshi wa lami yake unaingia kwangu." "Mwambie mumeo upepo sikuuleta mimi." Mwanajabu alitoka kwa mumewe, akaufuata ua mpaka mwisho, akapita penye kisima, akaingia kwa kaka yake, kisha akarudi njia ile ile. Siku nyingine mara tano kabla ya adhuhuri.

Wala hakuyafikisha maneno kama alivyopewa. Famau akisema, "Mwambie huyo mzamisha mabibi harusi airudishe keekee yangu kabla hajaivunja," kule lilifika hivi: "Shemeji yako anakusalimu, anaulizia keekee, ukiwa umemaliza." Shekuwe akiguna, "Aje aichukue mwenyewe kama ana miguu," huku lilifika hivi: "Kaka anakusalimu, anasema keekee yako inatoboa vizuri." Kwa miaka kumi na saba wanaume wale walisalimiana kila siku bila wenyewe kujua.

Asubuhi moja, penye kisima, jirani yake Bi Esha alimchokoza kama kawaida.

"Shoga, leo umepeleka mangapi?"

"Sita."

"Na ya kwako mwenyewe?"

Mwanajabu alitua ndoo, akafikiri, akaona kwamba hana. Hakuwa amesema neno lake mwenyewe tangu alipoamka, wala jana hakusema, na juzi hakumbuki. Magoti yalimuuma, lakini magoti huchuliwa mafuta. Kilichomchosha ni kule kutengeneza: kila neno kulisimamisha njiani, kulipangusa, kulivisha nguo safi, halafu kulikabidhi kwa mtu asiyejua kushukuru. Alijitazama mikono, akaona kwamba atazeeka hivi, atakufa hivi, na hata siku ya mazishi yake watamtafuta mtu wa kuuliza upande wa pili nani anashika jeneza kwa mbele.

Mwaka ule ule mivule iliisha. Mzee Mbwarahaji, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji, alileta gogo moja na mbao zake, akaziweka mbele ya ua.

"Huu ni mti wa mwisho," akasema, kwa sauti ya kufika pande zote mbili. "Mtajenga kihori kimoja, nyinyi wawili, cha kupakia wanawake kumi na wawili. Hamtaki, nauchukua mti wangu, na sikukuu watu watakaa barazani watazamane."

Basi mkuku, ule mti mrefu wa chini unaoshika chombo chote, ukapitishwa chini ya ua, ncha moja kwa Famau na ncha moja kwa Shekuwe.

Famau akaita. "Mke wangu, nenda kamwambie kaka yako..."

Mwanajabu alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Hakuinuka.

"Siendi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka."

"Basi pumzika kwanza, ndiyo uende."

"Nikishapumzika pia siendi."

Alipomaliza nazi alizunguka ua kwa mara ya mwisho, akamkuta kaka yake anapanga misumari. "Kaka, hili ni langu mwenyewe, sikutumwa. Kuanzia leo sibebi neno. Si lake, si lako."

"Sawa," akasema Shekuwe. "Basi mwambie mumeo..." Akaishia hapo, mdomo wazi.

Neno lililobaki kinywani mwa Famau lilikuwa hili: safari ya mwisho tulipojenga pamoja nilijenga tezi, safari hii omo ni yangu. Na lililobaki kwa Shekuwe lilikuwa hilo hilo, halikupungua wala kuzidi. Kila mmoja akaona jambo lenyewe liko wazi, halihitaji kusemwa, akashika nyundo.

Siku ya tatu Mwanajabu alikwenda kisimani. Pale mwisho wa ua ndipo mahali pekee ambapo mtu aliona viwanja vyote viwili kwa pamoja. Akaona omo kwa mumewe. Akaona omo kwa kaka yake. Akasimama na ndoo kichwani.

Bi Esha alikuwa ameshafika. "Unaona ninachokiona?"

"Naona."

"Basi waambie."

"Waambie wewe."

"Mimi? Mume wangu yuko nyumbani analala, hajengi omo ya mtu."

Msidhani lilikuwa jambo jepesi. Mti ulikuwa wa mwisho. Kihori kikiharibika hakuna kingine, na wanawake wa mji mzima watamnyooshea yeye kidole, kwamba aliona akanyamaza. Maneno mawili yangetosha. Lakini Mwanajabu aliwajua watu wake. Akibeba hayo mawili leo, kesho yatakuja manne, na miaka mingine kumi na saba itaanza hapo, naye hakuwa tena na miaka kumi na saba ya kumpa mtu. Akajaza ndoo, akaenda zake.

Mwezi mzima ukapita. Mbao zilitambaa kutoka huku na kutoka kule, zikikaribiana. Famau alikuja karibu na ua akakohoa. Shekuwe naye akaja akakohoa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Nyumbani Famau alikula kimya, akimtazama mkewe kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Mwanajabu alipakua, akaosha vyombo, akalala mapema. Ulimi ulimwasha, lakini alizoea.

Zilipobaki mbao za kuunganisha katikati, ua ilibidi utolewe. Kila mmoja akavuta makuti kwa upande wake. Wanawake wa mtaa walikuwa wameshajaa, kila mmoja na kisingizio chake cha kupita pale. Makuti yakaanguka, na wazee wawili wakaona kazi yao.

Kisha, kama walivyozoea, wote wawili wakamgeukia Mwanajabu, aliyekuwa amekaa juu ya gogo, mikono mapajani.

"Muulize kaka yako," akasema Famau, "tezi iko wapi."

"Mwambie mumeo," akasema Shekuwe, "tezi ilikuwa kazi yake."

Mwanajabu alitazama maji. Neno lilikuwa limeshajitengeneza lenyewe kichwani mwake, kwa mazoea tu, safi, lenye salamu mbele: Kaka, shemeji yako anakusalimu. Lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza.

Wakangoja. Jua lilikuwa kali na wao hawakuwa vijana. Famau ndiye aliyeangushwa na miguu kwanza, akaketi ubavuni mwa kihori. Baadaye Shekuwe naye akaketi, amempa mgongo.

"Wewe," akasema Famau, bila kugeuka. "Tezi iko wapi?"

"Nilidhani unayo wewe."

"Ile safari ya mwali nilijenga tezi mimi."

"Nami nilijenga tezi."

Famau alifikiri. "Basi kile kihori kilikuwa na tezi mbili."

"Ndiyo maana kilizama," akasema Shekuwe.

Bi Esha alicheka peke yake, akaziba mdomo kwa leso.

"Mwanajabu," akasema Famau, na safari hii hakumtuma. "Wewe ulituletea chakula siku zile. Uliona. Omo aliijenga nani?"

"Nimesahau," akasema Mwanajabu.

Hakuwa amesahau. Alikumbuka hata maranda kwenye ndevu za aliyekuwa akiipiga randa. Lakini hilo lilikuwa neno lake mwenyewe, la kwanza kuwapa wote wawili kwa pamoja, na alilipima vizuri kabla ya kulitoa.

"Tubomoe omo ya nani?" akauliza Shekuwe.

"Mgongo wangu hauwezi kubomoa."

"Wangu ndiyo kabisa."

"Basi iache."

Wakaiacha. Hawakukumbatiana wala kuombana radhi. Walikuwa wamechoka mno kwa mambo hayo. Walipigilia mbao za katikati wakibishana juu ya kila msumari, ana kwa ana, bila salamu, mpaka watu wakatawanyika.

Siku ya sikukuu kihori kilishushwa majini, na mji mzima ukangoja kizame. Hakikuzama. Kilikuwa chepesi ncha zote mbili, kikaenda mpaka kwenye mianzi, na wakati wa kurudi hakikuhitaji kugeuzwa. Waliokuwa nyuma wakawa mbele, basi. Famau alikaa ncha moja akijiona yuko mbele. Shekuwe alikaa ncha ya pili, naye anajiona yuko mbele. Mwanajabu alikaa katikati, na maneno ya wanaume wale yakapita juu ya kichwa chake kwenda na kurudi, machafu kama yalivyotoka, hakuna aliyeyapangusa. Kabla hawajafika kisiwani alikuwa ameshalala, kichwa kimeegemea ubavu wa kihori, mkono mmoja umening'inia majini.

Na tangu siku hiyo vihori vya Mtapwani vina omo mbili na havina tezi, wala fundi hapigani na fundi juu ya upande. Na ndiyo maana aliyekaa katikati ya kihori hatumwi neno, awe mtoto awe bibi. Wa huku akitaka kumwambia wa kule, apaze sauti mwenyewe. Wa katikati akilala, muacheni alale.