Miiba ya Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya watu waliokwisha kula. Na walimu mliomo humu ndani mwitike pia, maana leo nitawagusa. Paukwa!

Pakawa!

Sawasawa. Hapo zamani za kale, kabla wanyama hawajaacha kusoma, walikuwa na shule yao katika bonde la nyasi fupi. Kengele ya shule ilikuwa ndege Hondohondo. Akilia mara moja, watoto wanakimbilia mstarini. Akilia mara mbili, wanaingia darasani. Akilia mara tatu, wanakwenda kwao. Akiugua, hakuna shule.

Mwalimu Mkuu alikuwa Punda Milia. Jamani, si mnamjua Punda Milia? Mistari myeupe, mistari myeusi, hana hata chembe ya tope. Anatembea ko! ko! ko! Siku moja akaitazama shule yake, akaona haipendezi. Akachukua chaki, akaandika ubaoni sheria ya sare. Sare ya shule hii ni mwili laini. Kila Jumatatu kuna ukaguzi. Asiye laini, fimbo tatu. Asiye laini Jumatatu tatu, arudi kwao.

Waliojua kusoma wakawasomea wasiojua. Mtoto wa Pimbi akaanza kujilamba. Mtoto wa Nguchiro akajisugua kwenye majani. Mtoto wa Swala hakufanya kitu, yeye alikuwa laini tangu tumboni mwa mama yake.

Na Mashavu je? Mashavu alikuwa mtoto wa Nungunungu. Jina alipewa na bibi yake kwa sababu ya mashavu yake, manene haya, ukiyaona unataka kuyafinya. Usiyafinye, utachomwa. Mgongo wote ni miiba. Alikuwa wa kwanza kwao kuingia shule, na shule aliipenda kupita kiasi. Jioni alikuwa anamfundisha mama yake herufi kwenye majivu ya jikoni, na mama anakosea makusudi ili mtoto acheke.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu nungunungu. Akitulia, miiba yake inalala. Unaweza kupita karibu naye usiione. Akiogopa, inasimama. Chakara! Haisimamishi yeye. Inasimama yenyewe. Kwao wote wako hivyo, babu na bibi, shangazi na wajomba, na hakuna aliyewahi kuulizwa kwa nini.

Ikafika Jumatatu ya kwanza. Mama akampaka Mashavu mafuta ya nyonyo, kuanzia shingoni mpaka mkiani. Miiba ikalala, inang'aa. Mashavu akaenda shule taratibu, taratibu, isije ikaharibika. Akasimama mstarini, laini kabisa.

Mwalimu wa zamu alikuwa Mwalimu Ngiri. Huyu hakuwa na roho mbaya. Ndiye aliyemfundisha Mashavu kushika chaki. Lakini mwalimu wa zamu ndiye anayeshika fimbo, na fimbo ya shule ile ilikuwa ya mpera, imekauka vizuri. Akaanza kupita mstarini anaiburuta. Kwaru, kwaru. Akamfikia Pimbi.

"Inua shingo."

Kwaru, kwaru. Akamfikia Nguchiro.

"Geuka."

Kwaru, kwaru. Mashavu anaisikia inakuja. Akaiimbia miiba yake kimoyomoyo:

Laleni, miiba yangu, laleni,
Mwalimu anapita, laleni,
Mie nataka kusoma, laleni.

Nisaidieni hapo kwenye laleni, msiniache peke yangu. Haya. Mashavu akaimba, akaimba. Mwalimu Ngiri akamfikia. Chakara!

"Mashavu!"

"Abee, mwalimu."

"Miiba ya nini hiyo?"

"Imesimama yenyewe, mwalimu."

"Yenyewe! Kwani miiba yako ina kichwa chake?"

Watoto wakacheka. Mashavu akatoa mkono. Fyuu, paa! Fyuu, paa! Fyuu, paa! Kila fimbo iliposhuka, miiba ilizidi kusimama. Mwalimu Ngiri akatikisa kichwa. Akasema moyoni mwake, huyu mtoto ana kiburi, anachapwa na bado anasimamisha.

Wiki hiyo Mashavu akawa si yule. Darasani anaulizwa swali analolijua, anaiona fimbo juu ya meza, jibu linapotea. Nyumbani mama akamwambia, "Basi mwanangu, usiogope."

"Nitaachaje kuogopa, mama?"

Mama akafikiri. Akaenda kutafuta udongo wa mfinyanzi.

Jumatatu ya pili. Mafuta chini, udongo juu. Udongo ukakauka, Mashavu akawa anatembea kama amebeba mlango. Akasimama mstarini, laini. Siku hiyo Mwalimu Mkuu mwenyewe alikuja kukagua, yuko nyuma ya Mwalimu Ngiri. Kwaru, kwaru. Ko, ko.

Laleni, miiba yangu, laleni,
Walimu wanapita, laleni,
Mie nataka kusoma, laleni.

Wakamfikia. Chakara! Udongo wote ukapasuka, ukaruka. Bonge moja likaenda kutua kwenye mstari mweupe wa Mwalimu Mkuu, pwaa!

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mashavu akala fimbo sita badala ya tatu.

"Jumatatu ijayo uje na mzazi," Mwalimu Mkuu akasema, huku akijipangusa. "Na hiyo miiba yako ikisimama, beba daftari zako urudi kwenu."

Jumatatu ya tatu ikafika. Mama akasema, "Tangulia, mwanangu. Namalizia tuta moja la mihogo, nitakukuta mstarini." Mashavu akatangulia. Akafika kwenye kijito. Akasimama. Akayatazama maji, akawaza, miiba ikiwa haipo, haiwezi kusimama.

Akageuza shingo. Akaushika mwiba mmoja kwa meno. Akauvuta.

Nyaka!

Machozi yakamtoka. Akaushika wa pili. Nyaka! Akawa anahesabu, kama alivyofundishwa shuleni. Tatu. Nne. Tano. Alipofika arobaini na moja, meno yakakataa. Ubavu mmoja ulikuwa mtupu. Akaosha damu, damu haikukubali kuisha. Hondohondo akalia mara moja. Mashavu akakimbia mstarini.

Kwaru, kwaru. Mwalimu Ngiri anakuja.

Laleni, mliobaki, laleni,
Mwalimu anapita, laleni,
Mie nataka kusoma, laleni.

Akamfikia. Miiba iliyobaki ikasimama, chakara, lakini sauti ilikuwa ndogo. Mwalimu Ngiri akainua fimbo. Ndipo akauona ule ubavu.

"Mashavu. Nani kakufanya hivi?"

"Mimi mwenyewe, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Ili niwe laini."

Mimi nikifika hapa huwa nakohoa kwanza. Nivumilieni. Haya.

Mwalimu Ngiri akashusha fimbo. Huku nyuma Mwalimu Mkuu anauliza, "Mwalimu wa zamu, mbona tumesimama?"

"Mtoto anatoka damu, Mwalimu Mkuu. Simchapi."

"Humchapi? Unanijibu hivyo mbele ya wanafunzi?"

Ko! ko! ko! Mwalimu Mkuu akaja, akainyakua fimbo. "Basi leo naanza na wewe!" Fyuu! Fimbo ikakata hewa.

Enhe! Mwalimu Ngiri, mzee mzima, meno yametoka nje ya mdomo huku na huku, hakungoja ya pili. Akatimua mbio kuuzunguka uwanja. Na mkia wake ukasimama, twaa! Wima, kishungi kinapepea juu. Anakimbia nao, anapinda nao kona, haushuki. Watoto wakacheka mpaka mtoto wa Pimbi akaanguka chini.

"Mwalimu Ngiri!" Mwalimu Mkuu akafoka. "Teremsha mkia huo! Mwalimu mzima unasimamisha mkia mstarini?"

"Siwezi, Mwalimu Mkuu! Nikiogopa unasimama wenyewe!"

Alipolisema hilo, akasikia alichokisema. Akasimama pale pale uwanjani. Watoto nao wakanyamaza. Mstarini kikatoka kisauti cha Mashavu.

"Na mimi ndivyo nilivyo, mwalimu."

Mwalimu Ngiri akageuka kumtazama.

Hapo ndipo Mama Nungunungu alipofika, jembe begani. Akamwona mtoto wake, ubavu mtupu, damu inachuruzika. Jembe likamdondoka. Akapiga magoti mbele ya shule nzima, akamlamba mwanawe jeraha moja baada ya jingine, hakuruka hata moja. Kisha akainuka.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "wewe sare umezaliwa nayo. Hujawahi kuamka asubuhi ukahangaika kuitafuta. Mwanangu naye kazaliwa na yake. Sasa nakuuliza, na hizo nywele za shingoni kwako, mbona zimesimama? Nani kakuchapa wewe?"

Watoto wote wakatazama shingo ya Mwalimu Mkuu. Kweli. Nywele zimesimama wima, kuanzia kichwani mpaka mgongoni, tangu siku aliyozaliwa. Hakuna aliyewahi kuzikagua. Mwalimu Mkuu akageuza shingo azione. Akageuza huku, akageuza kule. Hakuziona, ila alijua zipo.

"Sheria ni sheria," akasema, lakini sauti haikuwa ile.

Mwalimu Ngiri akarudi mstarini. Mkia bado uko juu. Akasimama mbele ya Mashavu. "Ukimfukuza huyu, Mwalimu Mkuu, nifukuze na mimi. Sare yangu unaiona ilivyo."

Mwalimu Mkuu akautazama mstari. Mtoto wa Pimbi manyoya yamesimama. Mtoto wa Nguchiro mkia umevimba. Mtoto wa Swala, aliyekuwa laini kuliko wote, ngozi inamcheza. Shule nzima haikuwa na aliye laini hata mmoja.

"Suala hili," akasema, "tutalizungumza kwenye kikao."

Walimu mnalijua neno hilo, naona mnacheka. Lakini safari hii kikao kikakaa kweli. Mama Nungunungu alihakikisha. Alipita kwa kila mzazi, wakaja wenye manyoya na wenye magamba, wakajaa mpaka nje. Mwalimu Mkuu akaifuta sheria ubaoni kwa mkia wake mwenyewe. Fimbo ya mpera akapewa mpishi, ikawaka chini ya sufuria la uji, na uji siku hiyo uliiva mapema.

Ninyi watoto mngependa nimalizie hapo. Miiba ikalala, wote wakafurahi, tukalale. Haikuwa hivyo, na mimi siwadanganyi.

Miiba arobaini na moja iliota tena. Mashavu akarudi darasani. Lakini kila Mwalimu Ngiri alipopita karibu yake, chakara! Fimbo haipo, mikono mitupu, na bado chakara. Mwalimu Ngiri akamwita, akamwambia, "Mashavu, nilikukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwalimu," Mashavu akasema, na alisema kweli. Lakini miiba ilikuwa wima.

Mwalimu Ngiri hakumlaumu. Hakumwambia lala, hakumwambia acha. Akawa akimfundisha anarudi nyuma hatua mbili, anasema naye kutoka pale. Wiki ikapita, chakara. Mwezi ukapita, chakara. Mvua zikaja zikaondoka. Kuna siku aliingia darasani akasikia ile sauti, akatoka nje kidogo akafuta macho, kisha akarudi akaendelea na somo. Alijua ni mkono wake uliofanya kazi ile.

Basi siku moja alasiri, Mashavu akaandika insha yake ya kwanza, ukurasa mzima. Akaibeba mwenyewe mpaka mezani kwa mwalimu. Akaanza kuisoma kwa sauti. Akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili. Kwenye wa tatu akakwama, mwandiko wake mwenyewe umemshinda. Mwalimu Ngiri akaonyesha neno kwa ukwato. Mashavu hakuona vizuri. Akasogea. Akasogea tena. Akaegemea ubavu wa mwalimu wake, mgongo wote.

Mwalimu Ngiri akafumba macho, akangoja kuchomwa.

Akangoja.

Akafumbua jicho moja. Miiba yote imelala. Mashavu mwenyewe hana habari, kidole kiko kwenye neno, mdomo unatafuta herufi. Hondohondo akalia mara tatu. Watoto wakatoka mbio kwenda kwao. Mwalimu Ngiri hakusogea. Mguu ukamfa ganzi, hakusogea. Nzi akamtua puani, hakumfukuza, mpaka Mashavu akafika mwisho wa ukurasa.

Watu wazima, hii ni yenu. Mtoto anayeogopa, mwili wake unasema, na hausemi kwa kiburi. Ukimchapa kwa kuogopa kwake, unaizidisha ile hofu unayotaka itulie. Fimbo inashuka kwa dakika moja, lakini kuirudisha imani ya mtoto kutakuchukua misimu, na huenda usiipate. Na sheria ya shule imtazame mtoto alivyoumbwa kabla haijamwadhibu.

Hadithi yangu imeishia hapo, ubavuni mwa Ngiri. Aliyeipenda aende nayo kwake, aliyechomwa nayo ajipanguse taratibu.