Siwazuri na Zimwi la Shimo la Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri. Anayetaka kunong'ona aende akanong'one na mbuzi.

Basi palikuwa na mwanamke mfinyanzi, jina lake Siwazuri. Alichimba udongo wake kwenye shimo lililo mbali na kijiji, yeye na shoga yake Mashavu. Wafinyanzi wa huko walikuwa na mwiko: shimoni hakuna kusema. Ukisema, vyungu vyako vitapasuka motoni.

Siku moja mpita njia alikanyaga ukingo wa shimo. Ukingo ukamomonyoka, akaporomoka, udongo ukamfukia hadi kichwani.

Wote wawili waliona. Mashavu akaweka kidole mdomoni. Siwazuri akatupa jembe.

"Kidole hicho kipe kazi nyingine," akasema. "Kimbia kijijini ukapige ukunga. Waje na machela."

"Umesema, shoga. Vyungu vyetu je?"

"Vyungu nitafinyanga vingine. Huyu nitamfinyanga kwa udongo gani?"

Mashavu akakimbia. Siwazuri akachimba kwa mikono, maana jembe lingemkata mtu. Akaanzia kichwani. Akatoa udongo puani, akatoa kinywani, na yule mtu akakohoa.

Hapo ukuta wa shimo ukapasuka, likatoka zimwi refu kama mnazi. Zimwi hilo chakula chake kilikuwa uongo. Ukilidanganya linanenepa, kisha linakumeza.

"Kilichoanguka humu ni changu," likasema. "Huyu ni nani kwako?"

"Sema kaka yako," mgeni akanong'ona.

"Wewe pumua tu," Siwazuri akamwambia. Akaligeukia zimwi. "Simjui."

Zimwi likanywea, likawa kama mgomba. Siwazuri akafukua kifua.

"Amekuahidi nini?"

"Hajaniahidi kitu."

Likanywea tena, likawa kama mbuzi. Siwazuri akafukua kiuno.

"Huniogopi?"

Basi hapo wengi wangejitutumua. Siwazuri akasema, "Nakuogopa. Lakini nikikukimbia wewe, huyu atakufa."

Zimwi likanywea mara ya tatu, likawa kama chura. Siwazuri akalifunika kwa chungu chake cha maji ya kunywa, akaweka jiwe juu, akarudi kufukua miguu. Mmoja ulikuwa umevunjika. Akaung'oa mpini wa jembe, akaufunga na ule mguu kwa kanga yake, usicheze. Watu walipofika na machela, alikuwa amemshika mgeni mkono, anamsemesha asizimie.

Siku ya kuchoma vyungu kijiji kizima kilikuja kusikiliza adhabu. Vikapasuka vitatu.

"Mnaona?" mtu mmoja akasema.

"Mashavu," akasema Siwazuri, "mwaka jana tulinyamaza kama mawe. Vilipasuka vingapi?"

Mashavu akafikiri. "Vitano."

Mgeni, aliyeegemea mkongojo wake, akacheka mpaka akataka kuanguka tena. Ndipo Siwazuri akakumbuka kumuuliza jina.

"Ngwali," akajibu.

Hadithi yangu inakomea hapo, sina ya kuongeza. Ukiona mtu ameanguka, usianze kumuuliza ukoo wake. Ita watu, mtoe udongo puani, na jina utalijua akishapona.