Kwa Nini Mtungi Una Alama ya Dole Gumba

Sogeeni, na anayetafuna mua atafune taratibu, maana hadithi hii haipendi kelele. Mnaona hapa chini ya mdomo wa mtungi, palipobonyea? Mnadhani ni urembo. Si urembo hata kidogo.

Zamani hizo mitungi ilikuwa laini pande zote. Kijito chetu nacho kilikuwa na tabia ile ile kiliyo nayo leo: kila mwisho wa kiangazi kilizama ardhini siku kumi nzima, kikawaachia watu kokoto. Kwa hiyo kila nyumba ilijaza mtungi wake mkubwa mapema. Mitungi yote ilifinyangwa na mwanamke mmoja, Nakiete, aliyerithi ufundi kwa mama yake. Mama huyo alikufa masika ya mwaka ule, na matangani watu walisema fundi kama yule hatazaliwa tena. Walisema kwa uchungu tu, watu wa matanga mnawajua. Lakini Nakiete aliyasikia maneno hayo, akarudi nayo nyumbani.

Basi akafinyanga mitungi kumi na miwili, akaiweka kivulini ikauke. Siku ya tatu akaona mmoja umeinama upande, kidogo mno, wewe na mimi tusingeona. Akawa kama anawasikia watu wakisema, mnaona, si tulisema. Akauvunja. Alipoutazama wa pili akaona nao una lake, na wa tatu, mwishowe akaivunja yote, akaumwagia udongo maji ili aukande upya. Maji yenyewe aliyachota kwenye kijito kile kile kilichokuwa kinakonda.

Akafinyanga mara ya pili, akavunja. Mara ya tatu, akavunja. Kila asubuhi wanawake walibisha hodi wakauliza, "Mama Mboza, mitungi vipi?" Naye alijibu, "Kesho," bila kuwatazama machoni. Chakula hakikumpita kooni. Alipika ndizi huku jicho liko kivulini, zikaungua, akazipakua hivyo hivyo. Binti yake Mboza, wa miaka minne, alipoomba maji alipewa nusu kata. Kijito kilikuwa chembamba sasa, mbuzi anakivuka bila kulowa kwato. Nakiete aliyajua yote hayo kuliko mtu yeyote, na kwa kuyajua mikono ilimtetemeka, na kwa kutetemeka mitungi ilizidi kupinda.

Alikuwa na mama mkwe, Nanzia, bibi wa maneno machache, na hayo machache yenyewe makali. Asubuhi moja Nanzia alimkuta amechuchumaa mbele ya mitungi mingine kumi na miwili, ingali mibichi, ameshika jiwe.

"Huu nao una nini?"

"Mdomo, mama. Mdomo haujakaa sawa."

"Na wako umekaa sawa?"

Nanzia akainama, akaweka dole gumba chini ya mdomo wa mtungi ule, akakandamiza mpaka pakabonyea. Nakiete akaguta kama mtu aliyekanyagwa kidonda.

"Haya, umeshaharibika," akasema mama mkwe. "Ulichokuwa unakiogopa kimefika. Ukitaka kuvunja, vunja. Ila maji ya ziada ya kukandia mwingine hayapo, labda uchukue ya Mboza."

Nakiete akalitazama jiwe. Akamtazama mtoto, aliyekuwa analamba kata tupu. Aliogopa kuvunja, aliogopa kuacha, akakaa hapo katikati mpaka miguu ikamfa ganzi. Halafu akaliweka jiwe chini, akausogelea mtungi wa pili, akaubonyeza mwenyewe kwa dole gumba lake. Wa tatu haukumuuma kama wa pili. Alipofika wa mwisho alikuwa analia, lakini mikono imetulia.

Mitungi ikakaa kivulini siku tano, na siku hizo tano hakuna aliyepumua vizuri, maana kijito kilibaki kunong'ona tu chini ya mawe. Siku ya sita wakaichoma kwa kuni na majani makavu. Mmoja ukapasuka motoni, kumi na mmoja ikatoka mizima.

Ilipopoa, Nakiete akasimama mlangoni kungojea aibu yake. Mwanamke wa kwanza akauinua mtungi, akauzungusha, kiganja chake kikapita juu ya ile alama. Nakiete akashika mwimo wa mlango.

"Hauvuji?" akauliza mwanamke.

"Hauvuji."

Akajitwika, akashuka kijitoni kuchota kata kwa kata kati ya mawe. Wa pili akauliza hilo hilo, na wa tatu pia. Hakuna aliyeuliza lingine. Jioni hiyo walijaza mtungi wa mwisho, na kulipokucha kijito kilikuwa kimezama. Mboza akanywa kata mbili, akaenda kucheza. Nakiete akakaa chini akala ndizi, na kwa mara ya kwanza tangu matanga akahisi ladha yake.

Na tangu siku hiyo, mfinyanzi wa mlima huu hatii mtungi motoni kabla hajaubonyeza ungali mbichi, na akishaubonyeza ni mwiko kuurekebisha, aone kasoro asione. Mimi nimefinyanga miaka arobaini, na kila nikibonyeza moyo bado hunishtuka. Kisha nanawa mikono, nakwenda kupika.