Nakala ya Kwanza

Hapo zamani, herufi za vitabu zilipokuwa bado za madini ya risasi na zikipangwa moja moja kwa mkono, palikuwa na nyumba ya kuchapa vitabu mjini Moshi. Mwenyewe alikuwa Mzee Elinaja, Mpare mcha Mungu, na kazi aliifanya na watoto wake wawili. Binti yake, Naelijwa, alisoma miswada na kuisahihisha. Mdogo wake, Kiangi, alisimamia mashine.

Nyumba ile ilikuwa na desturi zake. Nakala ya kwanza ya kila kitabu, Mzee aliipeleka kwa mwandishi yeye mwenyewe, akaketi, akasubiri isomwe mbele ya watu wa nyumbani. Na kitabu kikisha kupigwa chapa, mswada ulichomwa moto. Maana Mzee aliwahi kununua karanga sokoni, akakuta zimefungwa kwa karatasi yenye mwandiko wa mchungaji aliyekwisha kufa. Aliona haya kama aliyemvua marehemu nguo. Tangu hapo hakuacha mwandiko wa mtu uzagae.

Ikawa siku moja akaja mama mzee, Bibi Nakijwa, na mwanawe Sefania akimbebea mswada. Kijiji chao kilikuwa kimefunikwa na maji ya bwawa, na watu wake wametawanyika, huyu mkongeni, yule kwenye miwa. Bibi alikuwa ameandika yote: nani alikaa wapi, kisima kilichimbwa na nani, nyimbo za kupalilia, magomvi ya mipaka, hata mbwa aliyekuwa akiingia kanisani wakati wa sadaka. Mzee alisoma kurasa chache, akalia, akaahidi kukichapa.

Naelijwa akaupokea mswada, akaupenda kupita kiasi. Akausahihisha, akaurudia, akausahihisha tena. Masika ikaja, ikapita, vuli ikaja. Kiangi akamtania kwamba kitabu hicho labda kinasubiriwa na malaika. Dada naye akamjibu kwamba kosa likishapigwa chapa halifutiki, na kijiji kile hakina pengine pa kusimama.

Dada alipoutoa hatimaye, Kiangi akauweka chini ya vitabu vya shule. Vitabu vya shule ndivyo vilivyowalisha wafanyakazi, naye hakutaka kumwangalia mtu mwenye watoto akimwambia hakuna mshahara. Masika nyingine ikapita.

Ndipo Sefania akaja mbio kusema mama hawezi, amelala, anauliza kitabu. Mzee akaagiza ichapwe nakala moja, upesi, Bibi aione kabla hajafumba macho, nyingine zitafuata. Herufi za risasi zilikuwa chache. Kiangi akapanga ukurasa, akapiga karatasi moja, akauvunja ili herufi zitumike tena, akapanga mwingine. Ukurasa wa mwisho ulipotoka, akauchoma mswada kama ilivyokuwa desturi.

Mzee akapeleka nakala. Bibi akaegemezwa kwenye mto, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ndogo. Kisha akauliza, "Baba, viko vingapi?"

Mzee akatazama uso ule. Akasema, "Viko elfu, mama. Gundi inakauka."

Bibi akacheka, akamgeukia mwanawe. "Basi hivyo ni vya watu. Hiki ni changu. Mnizike nacho."

Sefania alipomsindikiza Mzee njiani, Mzee alimwambia kweli: iko moja tu, asimwambie mama. Sefania akaitikia. Bibi akafa siku ya pili, na Sefania akakiweka kitabu kifuani pake, jeneza likafungwa.

Masika ikanyesha juu ya kaburi. Kisha watu wa kijiji, waliosikia habari za vitabu elfu pale msibani, wakafunga safari kwenda Moshi. Walivaa nguo zao za kanisani. Wakasimama nje ya mlango, wakamtanguliza Sefania aingie aulize.

Humo ndani ndipo kila mmoja alipojua alichofanya mwenzake.

Mzee akasema, "Mimi nilisema uongo, kwa mtu anayekufa. Lakini ningewezaje kumnyima furaha ile? Nilidhani mswada upo."

Kiangi akasema, "Baba, desturi ni yako. Mimi tangu utotoni nachoma. Hukuniambia huu niuache."

"Ulijua ni nakala moja," Naelijwa akamwambia.

"Na wewe, dada? Ungeutoa mapema, vingekuwa vimeshasomwa mpaka vimechakaa."

Naelijwa akainamisha kichwa. Akasema hakuwa mvivu hata siku moja, kila alipouacha alimwona Bibi akikuta kosa. Alitaka kumpa kilicho safi.

Wakamtazama Sefania, maana yeye alijua kimoja tu ndicho kilichopo, na bado alikizika. Akasema, "Mlinikataza kumwambia. Yeye aliniagiza nimzike nacho. Ningemchopolea kifuani? Nami nilidhani karatasi zake mnazo."

Kaburi hawakulifukua. Karatasi haistahimili masika.

Kule nje wakaanza kuimba wimbo mmoja wa kupalilia, polepole, na mahali fulani wakakwama, kila mtu akidhani mwenzake anayajua maneno. Wakacheka kidogo. Mmoja akasema si kitu, yamo kitabuni.

Ndugu zangu, Mungu anisamehe, kila nisimuliapo habari hii namhukumu mtu mwingine. Jana nilimlaumu binti. Leo asubuhi, wakati wa sala, nilimlaumu Mzee, kisha nikaona haya.

Wanne wako ndani, mlango umefungwa, na watu wanasubiri. Je, nani alistahili kuufungua na kuwaambia, "Ni mimi niliyekipoteza"? Nawaomba mnitajie mtu mmoja. Msinijibu kwamba ni wote, kwa maana mlango ule ulipitisha mtu mmoja mmoja.