Nyegere wa Liwali

Enzi za kunyolewa barazani, Liwali Nasoro alimwita kinyozi wake, Vuai.

“Nataka brashi ya kunipakia povu, ya manyoya ya nyegere. Siku tatu. Ukishindwa, utauhama mji huu.”

“Nyegere, bwana? Mnyama ambaye hata simba humkwepa?”

“Huyo huyo. Na usithubutu kunidanganya. Manyoya yake nayajua hata nikifumba macho.”

Siku ya tatu baraza lilijaa watu. Vuai aliingia, akaweka mbele ya Liwali mafungu matatu ya manyoya meupe.

“Mimi kinyozi tu, bwana. Mjuzi ni wewe. Chagua la nyegere.”

Liwali alipapasa, akanusa, akajisugua shavuni.

“Hili hapa! Shuhudieni nyote: haya ni manyoya ya nyegere, na atakayebisha atauhama mji yeye!”

Palepale Vuai akalifunga fungu lile kwenye mpini, akakoroga povu, akamnyoa Liwali mpaka mashavu yakang'aa. Watu wakashangilia.

Liwali akatoka nje ampande punda wake mweupe, fahari ya mji mzima. Akakuta mkia wake umebaki kama kijiti.

“Nani kamnyoa punda wangu?” alinguruma.

Vuai alisimama mlangoni, brashi bado inadondosha povu.

“Punda, bwana? Manyoya ya mkia wake ndiyo haya, mafungu yote matatu, na si wewe uliyesema ni ya nyegere?”

Baraza zima likamtazama Liwali. Liwali akashika hatamu.

“Basi nisaidie,” akasema, “nimpande nyegere wangu.”